UVUTANO NDANI YA TARAKILISHI: PIMA MRUKO KABLA YA KUCHIMBA SHIMO

Mwaka huu nimepewa kurasa chache nieleze jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza siku za Jumatano katika chumba cha tarakilishi: kwenye ule mchezo wetu wa Sungura wa Ngeli, mbona nashinda nimeinamia karatasi ya grafu badala ya kuchora mashimo na majukwaa moja kwa moja kwenye kiwambo? Jibu fupi ni uvutano. Jibu refu ndilo hili, na aliye na kalamu karibu aishike, kwa maana kuna hesabu kidogo. Msiogope. Anayejua kujumlisha, kutoa na kuzidisha ataiweza.

Kwanza niwaeleze mchezo wenyewe wale wasioujua. Ni mchezo wa kurukaruka majukwaa. Mhusika huonekana kwa ubavu, hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, huruka mashimo na kupanda majukwaa yaliyoning'inia hewani. Mchezo wa aina hii unaojulikana sana ni Super Mario Bros. wa kampuni ya Nintendo ya Japani, uliotoka mwaka wa 1985. Wetu ni mdogo sana ukilinganishwa na huo, nao tunauunda kwa Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT huko Marekani mwaka wa 2007, ambayo hata Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Sungura husimama kwenye jukwaa lenye neno la umoja, tuseme UKUTA. Mbele yake kuna majukwaa mawili, moja limeandikwa KUTA na jingine MAKUTA. Anayeijua ngeli ya U-ZI huruka kwenye KUTA akaendelea na safari. Asiyeijua huruka kwenye MAKUTA, nalo huporomoka pamoja naye.

Sasa hebu fikiria kwamba jukwaa la KUTA limewekwa juu mno, au mbali mno, kiasi kwamba miguu ya Sungura haiwezi kulifikia hata kidogo. Mwanafunzi anajua jibu. Analirukia. Anaanguka. Anarudia tena, anaanguka. Mwishowe anajaribu MAKUTA kwa sababu liko karibu. Mchezo umemfundisha nini hapo?

Wala hili si jambo la kubuni. Ndugu yangu mdogo aliye Gredi ya 5 alikuwa akicheza kwenye simu ya mama mchezo fulani wa kufundisha msamiati. Aliona neno CHURA, akalitambua jukwaa la VYURA mara moja, hata akalisema kwa sauti. Aliruka mara tisa, na mara zote tisa akaingia shimoni. Kisha akaiweka simu kando akasema, "Dada, mimi Kiswahili kimenishinda." Nilichukua rula nikapima juu ya kioo cha simu. Mruko wake mrefu kabisa ulifika sentimita 3. Shimo lilikuwa na sentimita 3 na nusu. Yaani Kiswahili hakikumshinda hata kidogo, bali alishindwa na nusu sentimita ambayo aliyeunda mchezo hakuipima. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini katika michezo ya tarakilishi mchimba shimo yuko mbali na shimo lake, na anayeingia ni mtoto wa watu.

Haya, tuje kwenye uvutano. Hapa duniani uvutano upo tu, upende usipende. Isaac Newton alieleza kanuni yake katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1687, lakini maembe yalikuwa yakianguka kabla ya hapo. Ndani ya tarakilishi mambo ni tofauti. Huko hakuna dunia, hakuna uzito, hakuna chini. Ukimweka Sungura hewani atakaa hewani mpaka kiama. Uvutano ni lazima uuandike wewe mwenyewe, nao huandikwa kwa namba mbili tu: namba ya kwanza ni kasi ya Sungura ya kwenda juu au chini, na ya pili ni kiasi ambacho kasi hiyo hupunguzwa kila mara.

Kila mara maana yake nini? Wanafunzi wa fizikia mnaikumbuka ile mashine ndogo ya maabara ambayo hugonga nukta kwenye utepe wa karatasi, nukta 50 kila sekunde, toroli ikiuvuta utepe. Nukta zikikaribiana, toroli ilikuwa inaenda polepole. Zikiachana, ilikuwa inakimbia. Basi tarakilishi ni kama ule utepe. Haioni mwendo mzima, inaona nukta. Kila nukta huitwa fremu, na Scratch huchora fremu 30 kwa sekunde. Katikati ya fremu mbili hakuna kinachotokea. Sungura haendi kutoka hapa mpaka pale, anaonekana hapa, halafu anaonekana pale, na jicho letu ndilo linaloziunganisha. Umbali nao tunaupima kwa pikseli, yaani vile vimiraba vidogo vinavyofanya picha. Uwanja wa Scratch una pikseli 480 kwa upana na 360 kwa kimo.

Tuseme kasi ya Sungura anapoanza kuruka ni pikseli 20 kwa fremu, na uvutano unamnyang'anya 2 kila fremu. Katika fremu ya kwanza anapanda 20, ya pili 18, ya tatu 16, na kuendelea hivyo mpaka 2. Jumlisheni: 20 na 18 na 16 na 14 na 12 na 10 na 8 na 6 na 4 na 2. Mtapata 110. Basi kimo cha mruko ni pikseli 110.

Lakini ngojeni kidogo. Katika hesabu hiyo tulimsogeza Sungura kwanza, halafu tukapunguza kasi. Je, tukigeuza, tupunguze kasi kwanza ndipo tumsogeze? Hapo fremu ya kwanza anapanda 18, ya pili 16, mpaka 0. Jumla ni 90. Kumbe! Uvutano ni ule ule, kasi ni ile ile, mistari miwili ya programu imebadilishana nafasi tu, na mruko umepungua pikseli 20. Na si kimo peke yake. Ukimsogeza kwanza, Sungura hukaa hewani fremu 21 kabla ya kurudi kwenye usawa alioanzia. Ukipunguza kasi kwanza, hukaa fremu 19. Akiwa anakimbia pikseli 5 kwa fremu, mruko wa kwanza utamvusha pikseli 105 na wa pili pikseli 95. Chimba shimo la 100 hapo katikati, uone. Mchezaji mmoja atavuka, mwingine atazama, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba tofauti iko kwenye mpangilio wa mistari miwili.

Kipi sahihi basi? Hapa ndipo ninapompenda Galileo. Alipokuwa akichunguza mipira inayobingirika kwenye ubao ulioinama, aliona kwamba umbali unaopitwa katika vipindi vya muda vilivyo sawa huongezeka kwa namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9. Sasa mwangusheni Sungura kutoka juu bila kumsukuma. Njia yetu ya kwanza itampa 0, 2, 4, 6. Njia ya pili itampa 2, 4, 6, 8. Tazameni vizuri. Namba za Galileo ziko katikati kabisa ya hizo mbili! Kwa hiyo dawa ni kugawanya uvutano nusu kwa nusu: punguza kasi kwa 1, msogeze Sungura, kisha punguza kasi kwa 1 tena. Sasa mruko wa kupanda unakuwa 19, 17, 15 mpaka 1, na jumla yake ni 100 barabara. Muda wa hewani ni fremu 20, umbali ni pikseli 100. Hivyo ndivyo tulivyoandika katika mchezo wetu, na hesabu zote zinazofuata zinatumia njia hiyo.

Faida yake ni kwamba fomula za darasani sasa zinakubaliana na kiwambo. Wengi wanaoanza kuunda michezo huokota namba ya uvutano kama anayetia chumvi kwenye mboga gizani. Wanaweka 1, wanaruka, wanaona ni nyepesi, wanaweka 3, wanaona ni nzito, saa moja imekwisha. Mimi nasema tusianze na uvutano hata kidogo. Tuanze na kile ambacho mchezaji ataona: aruke kimo gani, na achukue muda gani kufika juu? Mkishaamua hayo mawili, uvutano unajitokeza wenyewe. Uvutano ni mara mbili ya kimo, ukigawa kwa muda uliozidishwa kwa muda. Kasi ya kuanzia ni mara mbili ya kimo, ukigawa kwa muda. Sisi tulitaka kimo cha 100 kwa fremu 10. Mara mbili ya 100 ni 200. Gawa kwa 10 mara 10, unapata uvutano wa 2. Gawa 200 kwa 10, unapata kasi ya 20. Basi, kazi imekwisha, na hamjagusa hata kibonye kimoja.

Rafiki yangu mmoja ambaye jina lake nitalificha aliniuliza, "Si tuweke tu 9.8 kama ya dunia?" Swali zuri. Sungura wetu ana kimo cha pikseli 40. Tumchukulie kama mtu wa mita 1.6, basi pikseli 25 ni mita moja, na mruko wake wa pikseli 100 ni mita 4. Jameni, mita 4! Mwaka wa 1993 Javier Sotomayor wa Kuba aliruka mita 2.45 akaweka rekodi ya dunia, na yeye hakuwa ameshika neno la wingi kichwani. Mtu anayeruka mita 4 chini ya uvutano wa kweli wa dunia angekaa hewani karibu sekunde 1.8. Hebu hesabu sekunde hizo kwa sauti ukimtazama Sungura akielea. Ni kama puto. Ungebonyeza, ukapiga miayo, ndipo atue. Uvutano wetu wa 2, ukiugeuza kuwa wa mita na sekunde, ni 72, yaani zaidi ya mara saba ya ule wa dunia. Ndiyo maana anapanda na kushuka kwa thuluthi mbili za sekunde na kidole kinahisi kwamba kinatiiwa. Kwa hivyo michezo ya aina hii haina budi kudanganya mara mbili: miguu yenye nguvu isiyo ya binadamu, na dunia inayovuta kuliko dunia yetu. Uongo huo haudhuru kitu, mradi hesabu zake zikubaliane.

Sasa tufike kwenye mashimo, ambako ndiko kwenye utamu.

Sisi wanafunzi wa kutwa tunaijua mitaro. Mvua za masika zikinyesha, njia ya kuja shule hukatwa na mitaro mitatu au minne, na kila mtu huisimamia ukingoni akaipima kwa macho kabla ya kuruka. Ukiangalia mtu anavyoruka utaona mambo mawili yanayotokea kwa pamoja bila kuingiliana. Anaenda mbele kwa mwendo usiobadilika sana, na wakati huo huo anapanda na kushuka. Uvutano hauna habari na mwendo wake wa mbele, unavuta chini tu. Galileo alieleza hivyo mwaka wa 1638, na ndiyo sababu njia ya kitu kilichorushwa huwa upinde ule tunaouita parabola katika hesabu.

Katika mchezo hali ni hiyo hiyo, na hurahisisha kazi mno. Kila fremu mbele ni pikseli 5, sikuzote. Kimo ni suala la kuuliza tu: baada ya fremu kadhaa, yuko wapi? Chukua idadi ya fremu, zidisha kwa 20, kisha toa idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Baada ya fremu 10 ni 200 kutoa 100, yuko juu kabisa kwa 100. Baada ya fremu 20 ni 400 kutoa 400, amerudi chini. Mkichora nukta hizo kwenye karatasi ya grafu mtapata upinde mzuri, na upinde huo ndio rula yenu. Mimi nimeukata wangu kwa mkasi kutoka kwenye kadi ya boksi la viatu. Nikitaka kuweka jukwaa, naweka pembe ya upinde mahali Sungura atakaporukia, kisha natazama unapita wapi. Jukwaa likiwa ndani ya upinde, anafika. Likiwa nje, hafiki, hata aombe.

Tazameni upinde huo unavyosema. Akitua kwenye usawa ule ule alioanzia, anavuka pikseli 100. Akitua kwenye jukwaa lililo juu kwa 36, anafika 90 tu, maana analikuta fremu mbili kabla ya kumaliza kushuka. Likiwa juu kwa 64, anafika 80. Likiwa juu kwa 100, ambacho ndicho kilele chenyewe, anafika 50. Kinyume chake, jukwaa lililo chini kwa 44 analifikia hata likiwa mbali 110, na lililo chini kwa 96 analifikia likiwa mbali 120. Kwa hivyo hakuna kitu kama "shimo la 90 ni rahisi". Shimo la 90 kwenda chini ni la mtoto wa chekechea. Shimo hilo hilo, na KUTA ikiwa juu kwa 64, halivukiki katu. Na macho hayaoni hivyo! Kwenye kiwambo majukwaa hayo mawili huonekana karibu sawa.

Nikumbushe kwamba nimemhesabu Sungura kama nukta moja. Kwa kweli ana upana wa pikseli 20, na anaweza kusimama ukingoni kisigino tu kikiwa kimeshika, na kutua upande wa pili kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo ana akiba ya pikseli 20 hivi. Wapo watakaosema basi tuihesabu akiba hiyo tupanue mashimo. Mimi nakataa. Akiba ni ya mchezaji, si ya mchoraji. Ukimpokonya, atalazimika kuruka kwenye fremu moja maalumu, na fremu moja ni sehemu ya 30 ya sekunde. Hakuna kidole cha kidato cha kwanza kinachoweza hilo kila mara, tena kichwani akitafuta wingi wa ufunguo.

Waundaji wakubwa wenyewe huongeza akiba. Katika mchezo wa Celeste wa mwaka wa 2018, ukibonyeza kibonye cha kuruka ukiwa tayari umeshapita ukingo wa jukwaa kwa muda mfupi mno, mchezo unakuruhusu kuruka kana kwamba ungali juu yake. Sisi tumeuita muda wa huruma, nao kwetu ni fremu 3. Pia mle, ukishikilia kibonye, uvutano hupunguzwa nusu pale kileleni, ili upate nafasi ya kujirekebisha kabla ya kushuka. Katika Super Mario Bros., ukishikilia kibonye wakati wa kupanda, uvutano huwa mdogo, ukikiachilia unakuwa mkubwa, na ndivyo kibonye kimoja kinavyotoa miruko mifupi na mirefu. Upo pia mchezo uitwao VVVVVV wa mwaka wa 2010, wa Terry Cavanagh, ambamo mhusika haruki kabisa. Kibonye kinageuza uvutano tu, chini ikawa juu, na dari ikawa sakafu. Huo ningependa sana tuujaribu kwa vitenzi vya kutendua, kama funga na fungua, lakini hayo ni ya mwaka ujao.

Tahadhari moja kubwa kwa wanaopenda kubadilibadilisha mambo. Kuna anayetaka Sungura ashuke haraka kuliko anavyopanda, kwa kuwa mchezo hupendeza zaidi hivyo. Ni kweli hupendeza. Lakini ukifanya uvutano wa kushuka kuwa 4, kushuka kutachukua fremu 7 hivi badala ya 10, mruko mzima utakuwa fremu 17, na umbali utashuka kutoka 100 hadi 85. Kila shimo la 90 mlilochimba mwezi uliopita sasa limekuwa kaburi. Atakayebadilisha uvutano ajue amebadilisha ramani nzima, basi akate upinde mpya na azunguke jukwaa kwa jukwaa. Kwa maoni yangu uvutano uamuliwe siku ya kwanza, uandikwe ubaoni, na asiuguse mtu bila kura ya chama.

Jambo jingine dogo ni unene wa majukwaa. Sungura anapotua kutoka kwenye mruko wa kawaida anashuka karibu pikseli 20 kwa fremu moja. Jukwaa likiwa na unene wa pikseli 10, inawezekana fremu moja miguu yake ikawa juu ya jukwaa na fremu inayofuata ikawa chini yake, bila kuligusa, kama jini. Tumeyafanya yote yawe na unene wa 32, na kasi ya kushuka haipiti 24. Kwa kimo kirefu hilo hupunguza mwendo kidogo, lakini hata tone la mvua lina kikomo chake, kwa sababu hewa hulizuia. Bila hewa, tone linaloanguka kutoka kilomita 2 lingetupiga kwa kasi ya karibu mita 200 kwa sekunde, na masika hakuna mtu angekuja shule.

Swali linalobaki ni mpangilio: mashimo rahisi yakae wapi na magumu wapi? Hapa nimeiba akili kutoka kwa ngazi ya kwanza kabisa ya Super Mario Bros., ambayo waliisanifu Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Karibu na mwisho wake kuna vilima viwili vya matofali vinavyotazamana, na katikati yake ni ardhi tupu. Ukikosea mruko, unaanguka kwenye ardhi, unapanda tena, hakuna aliyekufa. Hatua chache mbele kuna vilima vingine viwili vinavyofanana na vile, ila sasa katikati ni shimo. Hakuna maandishi yanayokufundisha. Mkono ulishapata mazoezi pale ambapo kosa halikuwa na gharama, ndipo gharama ikaletwa. Mimi nadhani hata walimu wetu wa Kiswahili hufanya hivyo hivyo kwa zoezi la ubaoni kabla ya mtihani.

Basi katika Sungura wa Ngeli, majukwaa matatu ya kwanza hayana shimo chini yake, na umbali wake ni pikseli 60 kwenye usawa mmoja. Hapo mchezaji anausoma mwili wa Sungura. Baadaye tunafika 75, kisha 85. Mia hatufiki kamwe. Na sheria niliyoipigania mpaka sauti ikakauka ni hii: jukwaa la jibu sahihi na la jibu lisilo sahihi lazima yote mawili yawe ndani ya upinde, tena kwa ugumu ulio sawa. Kama jibu sahihi ni gumu kulifikia, tunamwadhibu anayejua. Kama ndilo rahisi, atalifikia hata asiyejua, akapata alama kwa sababu ya uvivu wa kuruka. Wapo wanachama waliosema hiyo ni kujisumbua bure, eti watoto hawatambui. Ndugu yangu hakutambua, na ndiyo sababu alikilaumu Kiswahili.

Nimalizie kwa zoezi. Tunataka ngazi mpya iwe Mwezini, ambako uvutano wa kweli ni mita 1.6 tu, karibu sehemu moja ya sita ya ule wa dunia. Wetu hautakuwa mdogo hivyo, maana Sungura angekaa hewani zaidi ya sekunde 4, lakini lazima aonekane mwepesi. Tumeamua kimo cha mruko kiwe pikseli 128, na afike kileleni kwa fremu 16. Mwendo wa mbele ubaki 5. Tafuteni uvutano, tafuteni kasi ya kuanzia, chora upinde. Kisha mniambie: neno ni USO, na jukwaa la NYUSO liko juu kwa pikseli 96 na mbele kwa pikseli 125. Anafika? Msihesabu upana wake, na msihesabu muda wa huruma. Kama hafiki, jukwaa lisogezwe pikseli ngapi? Majibu yaletwe Jumatano kwenye karatasi ya grafu, kwa sababu tarakilishi ni nne na sisi ni thelathini na mmoja, na siku hiyo stima ikipotea tena, karatasi zitatosha kuendelea na kazi.